Chumba cha Misa ya Kwanza

Kamati ya historia ilikuja watu watatu, na wote watatu walikuja kuulizia historia ambayo walikuwa wamekwisha kuiandika. Mbele alitangulia Mwenyekiti wa parokia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la mtu ambaye hajawahi kubeba hata mfuko mmoja wa saruji anayoiuza. Nyuma yake Katibu, mwalimu mstaafu, kalamu nne mfukoni utadhani anaogopa tatu zitakufa njiani. Mwisho Mama Mlezi wa chama cha akina mama, ambaye aliletwa ili ije isemwe kwamba akina mama walikuwepo.

Walifika saa nne asubuhi, Jumanne, saa ambayo mtaa mzima unajua kwamba Fundi Bomba amelala chali chini ya sinki la mtu, na mkewe amekwenda kupeleka sare za shule alizoshona. Nyumbani hubaki Bibi peke yake, mama yake Fundi. Hawakubahatisha saa hiyo.

Ila siku hiyo Fundi alikuwa amesahau spana. Alipoingia kuichukua alimkuta mama yake ameketi kitini, kilemba cha Pasaka kichwani, kidole gumba cha kulia kikiwa cha bluu.

"Karibu, Fundi," akasema Mwenyekiti, kama mwenye nyumba. "Tunamaliza."

"Mnamaliza nini?"

"Historia."

Katibu alikuwa anapuliza karatasi ili wino ukauke. Fundi akaichukua mikononi mwake kabla hajamaliza kupuliza. Shule aliiacha darasa la sita, lakini kusoma anasoma. Karatasi ilisema kwamba misa ya kwanza ya parokia, miaka hamsini iliyopita, iliadhimishwa katika ghala la nafaka la baba mzazi wa Mwenyekiti, mcha Mungu aliyefungua mlango wake kwa Kanisa, na kwamba aliyeweka kidole hapo chini alikuwepo na anashuhudia.

"Ghala gani?" akauliza Fundi.

"La mzee," akasema Mwenyekiti.

"Lilikuwa wapi?"

"Lilibomolewa."

"Lilibomolewa kabla halijajengwa."

"Mwanangu," akasema Bibi, "wageni hawajibiwi hivyo."

Mama Mlezi alicheka kidogo, akaushika mkono wa Bibi, ule usio na wino. "Bibi yetu atakaa benchi la kwanza siku ya jubilei. Cheti atapewa na Baba Askofu, mkono kwa mkono. Na sare mpya tunamshonea."

"Mke wangu anashona," akasema Fundi.

"Hii inashonwa mjini," akasema Mama Mlezi.

Walipotoka, Mwenyekiti alisimama uani akaipima nyumba kwa macho, kutoka kona hadi kona, midomo ikihesabu. "Jubilei ikipita tutazungumza habari ya hapa," akasema kwa upole. "Parokia imekua. Waumini wana magari siku hizi, hawana pa kuegesha."

Hapo Fundi akaelewa kidole kile kilitakiwa kwa nini.

Maana nyumba ile ya vyumba vitatu ilikuwa juu ya kiwanja cha kanisa. Hati hawakuwa nayo, wala karatasi yoyote. Walichokuwa nacho ni kwamba katika chumba cha mbele, kabla mtaa haujawa mtaa, kulipokuwa na machimbo ya kokoto na vibanda vya vibarua tu, padri mmoja wa baiskeli alikamatwa na mvua, akaingia mahali pekee palipokuwa na paa kubwa, akasomea misa juu ya meza aliyoikuta. Mahali hapo palikuwa kwa Bibi. Meza ilikuwa ya kuuzia pombe. Kanisa lilipojengwa pembeni, padri yule alimwambia, kaa hapa, wewe na wanao, chumba hiki ndicho mama wa parokia. Tangu hapo wamepita maparoko saba, na kila mmoja alipokabidhiwa funguo aliletwa akaonyeshwa chumba, akaitikia kwa kichwa, akawaacha. Watu wengine wana hati ya kiwanja. Wao walikuwa na hadithi, na leo Bibi ameitia kidole.

*

Jioni mke wa Fundi alisimamisha cherehani katikati ya kwapa la shati la mtoto wa watu, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, nisamehe. Lakini umetutoa nje kwa ajili ya benchi."

"Sijamtoa mtu."

"Kama misa haikusaliwa humu, sisi tunakaa humu kwa nini? Sisi ni nani? Ni watu waliovamia kiwanja cha kanisa, basi."

Bibi alikuwa anasugua kidole kwa limau. Wino hautoki. "Ninyi hamjui," akasema. "Miaka hamsini nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wakipita wananiitaje? Mama Pombe. Watoto wa majuzi, wamefundishwa na mama zao, Mama Pombe. Nimesali rozari hadi shanga zimekatika mara tatu, bado Mama Pombe. Leo yule mama amenishika mkono. Hajawahi."

"Amekushika mkono kidole kisije kikakimbia," akasema Fundi.

"Wewe mdomo wako mchafu kama kazi yako."

"Kazi yangu ndiyo inayokulisha, mama."

"Na pombe yangu ndiyo iliyokulisha wewe, na sitaki kuisikia!"

Alishtuka mwenyewe kwa alivyoitaja. Kisha akasema polepole, akiangalia ukuta: "Unataka Baba Askofu asomewe nini? Kwamba Bwana alishuka juu ya meza ya walevi? Afadhali ghala."

Mkewe Fundi alimtazama mumewe, mumewe akatazama dari. Cherehani ikaendelea.

*

Siku ya Alhamisi Fundi aliacha kazi ya watu akaenda ofisi ya parokia. Aliona haya kwenda na mkoba wa spana, lakini angeuacha wapi. Msichana wa ofisini alimwona nao akasimama kwa furaha.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mungu amekuleta. Choo cha Paroko kimeziba tangu jana."

"Milele amina. Nimekuja kumwona Paroko."

"Na Paroko anasubiri choo."

Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Mwenyekiti na Katibu walikuwa wamekaa na Paroko, wanapanga nani ataketi wapi. Walimwona, wakampungia mkono, wakaendelea. Basi akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, akazibua choo. Nusu saa alikuwa amepiga magoti mle, akiwasikia wanabishana kama wafadhili wakae mbele ya masista au nyuma yao. Kilichokuwa kimeziba kilitoka vipande vipande: kadi za mialiko ya jubilei, karatasi nene ya kung'aa, zile zilizokosewa tarehe. Watu wazima wenye vyeti vyao walikaa wakaona kadi ngumu kama ile mahali pake ni chooni. Fundi alizipanga sakafuni zikatiririka maji, akanawa, akaingia ofisini.

Paroko alikuwa kijana wa miaka arobaini, msafi, mwenye kunukia sabuni. Simu yake ilikuwa mezani, imelala kifudifudi, na kila ilipotetemeka aliipindua.

"Nasikia una neno," akasema.

"Neno ni kwamba kitabu chenu kinasema uongo."

"Fundi," akasema Mwenyekiti, "unaongea na padri."

"Naongea na padri kuhusu uongo. Niongee na nani?"

Paroko akatabasamu kwa uchovu. "Historia siyo kila kitu kilichotokea. Historia ni vile tunavyotaka kujikumbuka. Unataka Baba Askofu asome kwamba parokia yangu ilizaliwa kilabuni?"

"Ilizaliwa kilabuni."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mgongoni mwa mama."

Katibu alicheka, akaandika kitu. Huyu mzee alikuwa na ugonjwa wa kuandika chochote kinachosemwa mbele yake. Ungemwambia ajitumbukize kisimani, angekuuliza kisima kinaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo.

"Mgongoni," akasema Paroko. "Sasa ona. Mimi nina karatasi yenye kidole cha mtu aliyekuwepo kwa miguu yake. Siwezi kushindana na kidole. Lakini mimi si mtu mbaya. Mama yako akisimama yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, akasema ilikuwa kwake, nitasikiliza. Asiposema, nyumba ile ni nyumba tu, na mwezi ujao mkandarasi anaanza maegesho. Mtapewa notisi ya kistaarabu."

Mkandarasi atanunua saruji wapi, Fundi hakuuliza. Mwenyekiti alikuwa anaangalia kucha zake.

"Na kazi ya choo?" akauliza mlangoni.

"Mungu atakulipa," akasema Paroko, na simu ikatetemeka.

Alimpelekea mama yake maneno yale kama yalivyo, bila kuongeza. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akasema hapana. Ijumaa akasema hapana. Jumamosi Katibu alileta karatasi yenye sentensi tatu za shukrani ambazo Bibi angezisema akipokea cheti, akamkaririsha mara nane kama mtoto wa chekechea, akimrekebisha matamshi. Mama Mlezi naye alileta sare. Ilikuwa imebana mabega.

"Nyoosha mgongo tu, Bibi, itakaa," akasema. "Na lile benchi la kwanza, wafadhili wameongezeka. Wewe ni la tatu."

"La tatu si baya," akasema Bibi.

Usiku ule mke wa Fundi alifumua sare, akatia vipande kwapani. Kitambaa chenyewe hafifu, mshono wa kulipua. Ndiyo ya mjini hiyo.

*

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje. Wenye nyumba za geti walikuwepo, wafadhili walikuwepo na miwani myeusi ndani ya kanisa, kwaya tatu zilishindana kupiga kelele mbele za Mungu. Bibi aliketi benchi la tatu. Kabla ya masomo alikuja kijana wa itifaki akamnong'oneza, akahamia la tano. Kabla ya mahubiri akaja tena. Mwishowe aliketi kiti cha plastiki kando ya nguzo, ambapo alikuwa anaona nusu ya Askofu.

Fundi na mkewe walikuwa wamesimama ukutani. "Angalia," akasema mkewe. "Amehamishwa mara mbili na misa haijafika katikati. Wakisema ameketi mbele, watakuwa wanamaanisha mbele ya nguzo."

"Nyamaza, tuko kanisani."

"Nipo kanisani ndiyo maana nasema polepole."

Baada ya komunyo Katibu alipanda mimbarini na kitabu. Alisoma historia ya parokia kwa sauti ya kusahihisha mitihani. Kurasa za mwanzo zote zilikuwa za baba yake Mwenyekiti: mcha Mungu, mwenye ghala, mtu wa kiasi, aliyefungua mlango wake kwa Kanisa mvua ikinyesha. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akafuta jicho lililokuwa kavu. Watu wakapiga makofi. Kisha Bibi akaitwa, mwanachama mkongwe kuliko wote, aje apokee cheti na kutoa shukrani.

Alitembea polepole. Akapokea cheti mikononi mwa Askofu, akapiga goti, akashikishwa kipaza sauti. Katibu alikuwa pembeni, midomo ikimtangulia sentensi ya kwanza.

"Baba Askofu," akasema Bibi. Akamtazama Katibu, kisha Mwenyekiti. "Huyu mtu wa kiasi mliyemsoma hapa... ni yule ninayemjua mimi?"

Katibu akaacha kuchezesha midomo.

"Maana mimi ninayemjua hakuwa na ghala. Hakuwa na mlango wa kufungua. Kwangu, hata mlango wa kutokea ilibidi aonyeshwe."

Mtu akacheka nyuma, akajiziba. Katibu alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, Bibi akakihamishia mkono wa pili.

"Nilikuwa nauza pombe. Nimesema. Miaka kumi na mmoja. Padri aliingia na mvua, akasema mama, nipe meza. Nikaifuta, nikampa. Tulikuwa watu wanne ndani, na huyu mwanangu mgongoni analia. Ikafika mageuzo, padri akainua hostia, akanitazama. Kengele hana. Akaniambia kwa macho, piga chochote. Basi nikachukua kata ya kuchotea nikagonga sufuria. Sasa, Baba Askofu, kata kwenye sufuria kwangu ilikuwa na maana yake. Ilikuwa maana yake pombe mpya imeiva."

Sasa kanisa lote lilikuwa linacheka, wazee kwa kujua, vijana kwa kuwaona wazee.

"Wakatoka machimboni mbio. Thelathini, arobaini, kila mtu na kikombe chake. Wa kwanza kufika alikuwa baba yake huyu Mwenyekiti wetu. Akaingia anapiga kelele, 'Nijazie!' Akakuta watu wamepiga magoti. Akaona haya, naye akapiga. Na waliokuwa nyuma yake wakapiga, vikombe mkononi. Padri alipomaliza akasema, hawa wameitwa. Hao ndio waumini wa kwanza wa parokia hii. Mimi ndiye niliyewaita. Na niliwaita kwa pombe. Asante kwa cheti."

Askofu alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko. Mzee huyu, Mungu amjalie, alikuwa mtu pekee mle ndani asiyejali kuonekana. Alimshika Bibi bega.

"Mama, chumba hicho kipo?"

"Kipo. Ndimo ninamolala."

Askofu akageukia kanisa, akainua sauti: "Chumba hicho kisiguswe!"

Vigelegele vikapasuka. Mke wa Fundi alimrukia mumewe shingoni mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Fundi alikuwa analia waziwazi. Kwa machozi yake aliona kwamba aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote, amesimama, anazunguka kuwaonyesha wafadhili kwamba anapiga, ni Mwenyekiti.

Hapo ndipo angepaswa kuogopa.

*

Siku ya Jumatano walikuja tena, safari hii nyumba ikiwa na watu wote, maana sasa hawakuwa na cha kuficha. Walikuja na furaha. Mama Mlezi alimbusu Bibi mashavu yote mawili. Mwenyekiti alikaa, akapanua magoti.

"Bibi, umetufungua macho. Ile hadithi! Wafadhili wawili wamenipigia simu. Hapa panakuwa mahali pa hija."

"Pa nini?" akauliza mke wa Fundi.

"Pa kuja kusali. Watu watatoka mbali. Paroko ameshakubali. Chumba cha mbele kinabaki kama kilivyokuwa siku ile, na vile vya nyuma viwili tunafanya vyoo vya mahujaji." Akamgeukia Fundi kwa ukarimu. "Kazi ya mabomba utaangaliwa wewe wa kwanza."

Fundi alitafuta usoni mwa mtu yule mahali popote pa aibu, hata padogo, akakosa.

"Na sisi?"

"Ninyi mtapewa notisi. Ya kistaarabu."

"Askofu amesema chumba kisiguswe. Kanisa zima limesikia."

"Ndiyo hayo nasema," akasema Mwenyekiti, na alikuwa anamaanisha. "Kisiguswe. Ninyi mnakigusa. Mnapika, mnafua, cherehani ile pale, moshi ukutani. Mahali patakatifu hapalalwi, Fundi. Hata wewe unaelewa."

Mke wa Fundi alisimama, mkono kwenye mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaketi tena. Fundi alimeza tusi, maana mama yake yupo. Katibu naye alikuwa ameshafungua daftari, anazunguka chumba anaorodhesha vitu vya siku ile vinavyopaswa kubaki. Meza, moja. Benchi la mbao, moja. Sufuria?

"Sufuria iliuzwa," akasema Bibi.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu walipoingia. Alinyanyuka kitandani alipokuwa amekaa, akavuta kiti, akakiweka nyuma ya ile meza, mahali ambapo mwuzaji hukaa ili aone mlango. Akaketi. Akaweka mikono miwili juu ya mbao.

"Chumba kinabaki kama kilivyokuwa siku ile," akasema. "Si ndiyo?"

"Hasa," akasema Mwenyekiti.

"Siku ile nilikuwamo. Nilikuwa hapa. Mkinitoa, mmegusa." Akamtazama Katibu. "Niandike."

"Bibi, usitutanie," akasema Mama Mlezi.

"Nimechoka kutaniwa, nitanie mtu saa ngapi? Nenda kamwambie Askofu umekuja kunihamisha kiti mara ya tatu. Mimi nitamngoja hapahapa. Mwanangu alikuwamo pia, mgongoni. Anayembeba sasa ni huyu mkewe, ndiye mgongo wake. Niandike, mwalimu."

Mwenyekiti alimtazama Katibu ili amwambie asiandike. Lakini mzee yule na ugonjwa wake, alikuwa ameshateremsha kalamu kwenye mstari unaofuata baada ya benchi, na anasubiri.

"Niandikeje?" akauliza.

"Andika: Bibi, kimoja," akasema Bibi. "Kikuukuu. Andika bado kinatumika."